GEREJI YA WASOMAJI: Lambda ilishasema, sensa za watu hazina kosa

Mwezi huu barua zimekuja za moshi tu. Nimechukua tatu, ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana yule kijana tumeandikiana mara kadhaa mpaka gari ikapita, na njiani kuna vitu ambavyo hata mafundi wenzangu wanavikosea kila siku.

SWALI LA KWANZA

Shikamoo fundi. Mimi niko Coventry huku Uingereza mwaka wa sita sasa, mwaka jana nikatimiza ndoto yangu ya tangu sekondari nikanunua Subaru Impreza WRX ya 2006, ile 2.5 turbo, ya bluu na rimu za dhahabu kama unavyoijua. Jamaa aliyeniuzia alikuwa ameshaichezea, ina rimapu, yaani kompyuta ya injini imepangwa upya, ina eya klina ya wazi ile ya koni, ina dampu valvu (ile inayotoa hewa ya turbo ukiachia pedeli) inayopumulia nje, ekzosi kubwa mpaka nyuma, na ukiachia mafuta inapiga risasi papapapa watoto wa mtaani wanashangilia. Sasa nimeipeleka MOT imefeli moshi. Taa ya cheki injini haijawahi kuwaka hata siku moja, gari inavuta, haimisi, sielewi. Gereji ya kwanza wakasema ni sensa ya oksijeni, nikabadilisha. Nyingine wakasema hapana ni sensa ya hewa, nikabadilisha. Nikaweka na plagi mpya zote nne. Nimeshamwaga pauni 310, nimerudi kupima imefeli tena na namba ni zilezile. Kuna mshkaji ananiambia nimwage dawa kwenye tenki. Nisaidie fundi, MOT ya zamani inaisha wiki ijayo na mimi napiga shifti za usiku, bila gari siendi kazini.
Mdau wa Coventry

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hizo pauni 310 maana huzipati tena.

Kwa mlioko nyumbani, MOT ndo ukaguzi wa kila mwaka wa kule, gari ikishafikisha miaka 3 lazima ipite kila mwaka, wanaangalia breki, taa, tairi, chesesi, halafu wanachomeka bomba la mashine kwenye ekzosi wanapima moshi. Bei ya juu kabisa kwa gari ndogo ni pauni 54.85. Sasa kabla sijamjibu chochote nilimwambia anitumie picha ya ile karatasi inayotoka kwenye mashine, ya mara ya kwanza kabisa, kabla hajanunua hata plagi moja. Akasema "ile niliitupa kwenye dashbodi", nikamwambia kaitafute. Akaipata, imekunjwa mara nne na doa la chai juu yake, lakini inasomeka.

Injini ikiwa kwenye resi ya kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika: CO (kaboni monoksaidi) asilimia 0.63, HC (mafuta ambayo hayajaungua) sehemu 168 kwa milioni, lambda 1.00. Injini ikiwa sailensa, mguu uko nje ya pedeli: CO 0.71. Viwango vya gari kama yake ni CO isizidi 0.2 kwenye resi na 0.3 kwenye sailensa, HC isizidi 200, lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03.

Karatasi hii watu wakiishika wanaona neno moja tu, kufeli, basi wanakimbilia duka la spea. Tulia uisome. HC imepita. Lambda imepita tena imepita vizuri sana, ipo katikati kabisa. Kilichogoma ni CO peke yake, kwenye resi ni kama mara tatu ya kinachoruhusiwa.

Lambda ni nini? Petroli kilo moja inataka hewa kama kilo 14.7 ili ziungue zote zisibaki, hapo ndo tunasema lambda ni 1. Ikishuka chini ya 1 maana yake mafuta yamezidi, ikipanda juu hewa imezidi. Ile mashine haipimi lambda kwa kidole, inapiga hesabu kutoka kwenye gesi zote inazozinusa, kaboni monoksaidi, kaboni daioksaidi, mafuta ambayo hayajaungua na oksijeni iliyobaki. Kwaiyo ikikuambia 1.00 inakuambia injini yako imepewa mafuta na hewa sawasawa kabisa. Sasa niambie, sensa ya oksijeni mbovu ingeleta 1.00 kutoka wapi? Sensa ya hewa mbovu je? Wale waliokuuzia sensa hawakusoma karatasi, au waliisoma wakaona usiku unaingia na kodi ya pango haijalipwa.

Sasa CO inatoka wapi kama mchanganyiko uko sawa? Hapa ndo penyewe. Injini ya petroli hata iwe mpya, ikichoma kwenye lambda 1 inatoa CO kama nusu asilimia hivi, wakati mwingine zaidi. Hiyo ndo tabia yake, hakuna plagi ya kuitoa hiyo. Kinachoishusha mpaka 0.05 sio injini, ni masega, lile tofali la vitundu lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ndani ya ekzosi, CO inaingia upande huu inatoka upande wa pili imeshageuka kaboni daioksaidi. Namba 0.63 na lambda 1.00 ni injini nzima inayopumua moja kwa moja nje bila masega. Ama yamekufa ama hayapo.

Nikamwambia ingia chini ya gari na tochi, fuata bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, daunpaipu wanaiita. Kama lina tumbo mahali, pamevimba, kuna masega. Kama limenyooka moja kwa moja kama mpini wa jembe, umeuziwa gari haina. Usiku uleule akanitumia picha. Mpini wa jembe. Tena linang'aa, la chuma kisichoshika kutu, na ile sensa ya nyuma imekalishwa juu ya kikofia kirefu kama kizibo ili isinuse moshi vizuri.

Ndo maana taa haikuwahi kuwaka. Sensa ya oksijeni ya mbele kazi yake ni kuiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, iongeze au ipunguze mafuta, ya nyuma kazi yake ni kuchunguza kama masega yanafanya kazi. Ukitoa masega, ile sensa ya nyuma inapiga kelele, taa inawaka na kodi ya kosa P0420. Kwaiyo wanaochezea magari wanafanya mambo mawili, wanaweka kile kikofia, au kwenye rimapu wanaizima kabisa ile kodi. Taa imezibwa mdomo. Lakini mashine ya MOT haiongei na taa mdogo wangu, yenyewe inanusa.

Na hata ungebahatika namba zipite, mkaguzi akichungulia chini akaona kifaa cha kusafisha moshi alichoweka mwenye kiwanda hakipo anakufelisha kwa macho tu, sheria inamruhusu.

Kwaiyo dawa ya tenki weka pembeni. Dawa nzuri inaweza kusafisha nozeli chafu, haiwezi kuotesha masega.

Cha kufanya. Tafuta daunpaipu ya kiwandani iliyotumika, watu wanaozichezea Subaru huwa wanazo stoo zimelala maana kitu cha kwanza wanachotoa ni hiyo, ila kabla hujalipa imulike kwa tochi upande huu uangalie upande wa pili, vitundu vionekane vimekaa kama nyumba ya nyuki, visiwe vimeyeyuka au kuvunjika, halafu itikise sikioni, ikisikika kokoto ndani iache. Ukitaka ya spoti zipo, lakini jua hesabu yake: ya kiwandani ina vitundu kama 400 mpaka 600 kwa inchi moja ya mraba, za spoti zina 200 au hata 100. Ya 200 ikiwa ya mtengenezaji mzuri na imechemka inapita. Ya 100 ni kamari, leo inapita kesho inafeli, na kamari ya pauni 54 kila mara mi sikushauri.

Halafu zile risasi. Najua unazipenda, hata mimi nilikuwa kijana. Lakini jua zinatoka wapi: rimapu imeambiwa ukiachia pedeli iendelee kumwaga mafuta na ichelewe kupiga moto wa plagi, kwaiyo mafuta yanaungulia kwenye ekzosi badala ya kwenye silinda. Bila masega inalia tu. Ukishafunga masega mapya ukaendelea na ile mchezo, moto unawakia ndani ya masega yenyewe na yanayeyuka kama mshumaa, baada ya miezi michache umerudi palepale na zamu hii ni masega ya hela yako. Mwambie aliyeifanyia rimapu, au mwingine, aitoe hiyo sehemu ya risasi na arudishe uchunguzi wa sensa ya nyuma. Nguvu anaweza kukuachia. Watu wanashangaa nikisema hivi ila rimapu ya nguvu yenyewe kwenye kipimo karibu haionekani, maana kwenye ile resi ya 2,500 gari haina mzigo, turbo haijaamka, na kontroli boksi inafuata sensa ya mbele tu. Yule wa rimapu anaongeza mafuta kwenye mguu mzito, na kwenye MOT hakuna mguu mzito.

Dampu valvu nayo wote wanaisingizia, na ina makosa yake ila sio haya. Subaru inahesabu hewa pale mbele kwenye sensa ya hewa, ikishahesabiwa mafuta yanaandaliwa, sasa wewe ukiitema nje mafuta yanabaki bila mwenzake, ndo ule moshi mweusi kidogo ukibadilisha gia. Ya kiwandani inairudisha hewa ndani ya mfumo, haipotei kitu. Kwenye resi iliyotulia haitemi chochote, ila zile za bei rahisi zenye springi laini zinabaki wazi injini ikiwa sailensa na zinavuta hewa ambayo haijahesabiwa, gari inaanza kupanda na kushuka yenyewe. Rudisha ya kiwandani siku ya kipimo, ni bolti mbili na hozi. Na ile koni, kama ni ya pamba inayopakwa mafuta, usiipake mpaka inachuruzika maana mafuta yanakwenda kukaa juu ya waya wa sensa ya hewa, hiyo sensa mpya yako itachafuka kabla ya mwaka.

Baada ya siku nane akaniandikia tena.

"Fundi nimefunga daunpaipu ya kiwandani, nimetoa risasi, nimerudisha dampu valvu ya zamani. Nimepima IMEFELI TENA. CO 0.05, HC 19, lambda 1.06. Yaani nataka kuiuza."

Usiiuze. Soma karatasi, umeshafundishwa.

CO imeanguka kutoka 0.63 mpaka 0.05 na HC kutoka 168 mpaka 19, masega yako yanafanya kazi vizuri kabisa. Sasa kilichofeli ni lambda tu, na imefeli kwa kwenda juu, mashine inasema kuna hewa imezidi. Jiulize, kama injini yenyewe ndo ingekuwa na hewa nyingi kiasi hicho, sensa ya mbele ingeona ikaongeza mafuta mpaka irudi 1.00. Haikuongeza. Maana yake hewa imeingia nyuma ya sensa, kwenye ekzosi, njiani kati ya turbo na ile pua ya mashine. Na nani alifungua ekzosi wiki hii? Wewe.

Watu wanadhani ekzosi ikitoboka moshi unatoka tu. Unatoka na hewa inaingia pia, maana moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa kudunda dunda, kila mdundo ukipita nyuma yake panabaki mvuto na kitundu kinanyonya hewa ya nje. Tundu la kupitisha msumari linatosha kukufelisha. Na likiwa mbele ya sensa ya mbele ni balaa zaidi, sensa inanusa hiyo hewa inadhani injini ina njaa, inaongezewa mafuta ambayo haikuhitaji, CO inapanda, na hapo sasa ndo watu wananunua sensa ya tatu.

Nikamwambia kesho asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa, itoe nje, sio ndani ya gereji iliyofungwa maana CO haina harufu na inaua, iwashe, mwenzako avae glovu nzito azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara lililokunjwa, asing'ang'anie muda mrefu, wewe ukiwa pembeni umeinama unasikiliza. Kama pamekaza injini inataka kuzima. Kama panavuja utasikia tss tss tss. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, panapovuja panatoa povu.

Povu lilitoka pale daunpaipu inapokutana na bomba la katikati. Nikamuuliza gasketi uliweka mpya? Akanyamaza siku nzima halafu akaandika "niliona ya zamani bado nzima". Gasketi ya ekzosi ikishabanwa mara moja imeshachukua umbo lake, ukiifungua ikakaa upya haizibi, hata uikaze bolti mpaka zikatike. Kaweka mpya, ya bei ya soda na chipsi.

Cha mwisho nilichomwambia ndo kinachosahaulika kuliko vyote. Masega hayafanyi kazi yakiwa baridi, yanaanza kushika kama nyuzi 250 mpaka 300 za Selsiasi na yanataka zaidi ya hapo ili yafanye kazi vizuri. Kwaiyo usiifuate gereji ya mtaa wa pili, ukafika, ukazima, ukakaa kwenye kiti unakunywa kahawa yao dakika 40 halafu wakaanza kupima. Endesha dakika 20 kwenye barabara kubwa, gia ya chini kidogo kuliko kawaida ili resi ikae juu, fika saa uliyopangiwa, waombe waanze na moshi kwanza kabla ya kuipandisha kuangalia mipira ya chini. Wengi ni watu wazuri wanakubali.

Alipita. CO 0.04, lambda 1.01. Kaniambia gari imekuwa kimya mpaka anajisikia mzee.

Mengine mawili matatu kwa walioko huko. MOT ikishaisha huruhusiwi kuendesha isipokuwa kwenda kwenye kipimo ulichokiwekea miadi au kwenda kutengeneza, kwaiyo usingoje wiki ya mwisho. Ukifeli ukaiacha gari palepale wakaitengeneza wao wakairudia ndani ya siku 10 za kazi hulipi kipimo cha marudio. Na kila ulichofeli kinabaki kwenye historia ya gari mtandaoni, mtu yeyote mwenye namba ya plati anaisoma, hata wewe ungeisoma kabla ya kumpa yule jamaa hela. Na bima wameambiwa kuhusu rimapu? Sijauliza, najua jibu.

Kwa wengine wenye karatasi zenu ambazo hazifanani na hii: CO juu na lambda chini ya 0.97 hapo kweli mafuta yamezidi, hapo sasa ndo uangalie sensa ya hewa, nozeli inayovuja, presha ya mafuta, sensa ya joto la maji inayodanganya kwamba injini ni baridi. HC imeruka mamia na CO iko chini, kuna silinda inamisi, mafuta yanatoka mabichi, angalia plagi na koili na mgandamizo. Kila kitu kinapita kwenye sailensa kinafeli kwenye resi tu au kinyume chake, masega yamechoka yako ukingoni. Na ukiwa na kidude cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, angalia ile namba inayoonyesha kontroli boksi inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi kwa muda mrefu, ikiwa imezidi 10 upande wowote kuna kitu inapambana nacho hata kama taa haijawaka.

SWALI LA PILI

Habari kaka, mimi niko Kigali. Nina Hilux ya dizeli 3.0 D-4D ya 2009, natumia kwa kazi za shamba. Mwaka juzi nilifungiwa kile kiboksi cha kuongeza nguvu na fundi akaziba EGR akasema inachafua injini. Sasa huku kwetu tangu 2025 kwenye ukaguzi wanapima na moshi, nimefeli, unatoka mweusi nikikanyaga. Mtu kaniambia nizibue EGR ndo moshi utaisha. Ni kweli?
Mkulima

JIBU

Kaka, sio kweli, na huyo aliyekuambia kageuza mambo chini juu. EGR inarudisha moshi kidogo ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako na gesi za naitrojeni, na tabia yake ni kuongeza masizi. Ukiiziba masizi yanapungua na hizo gesi zinaongezeka. Izibue kwa sababu ndo sahihi na ndo gari ilivyotengenezwa, ila usitegemee imalize moshi mweusi.

Moshi mweusi kwenye dizeli una maana moja, mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Na wewe umefunga kitu ambacho kazi yake ni kuongeza mafuta. Kile kiboksi kinakaa kati ya sensa ya presha ya reli, lile bomba linalogawia nozeli mafuta, na kontroli boksi, kinaidanganya kontroli boksi kwamba presha iko chini kuliko ilivyo, nayo kwa uaminifu wake inapandisha. Hakuna anayeiambia ilete na hewa. Kitoe, ni soketi mbili, dakika tano, rudisha soketi ya asili, piga resi mtu akiwa amesimama nyuma anaangalia moshi. Kwa wengi hadithi inaishia hapo.

Isipoisha nenda upande wa hewa. Eya klina ya gari ya shamba, itoe uipige chini uone vumbi linalotoka utaona aibu. Kisha hozi kubwa za intakula, zile za mpira zinazotoka kwenye turbo. Zinapasuka upande wa chini usipoona, ukikanyaga presha inakimbia nje, mafuta yanakuja kwa hesabu ya hewa ambayo haikufika. Pitisha mkono chini ya hozi ukiwa umeizima, ukitoka na mafuta meusi ya kunata hapo ndo penyewe.

Halafu nozeli. Hii injini ya Hilux yako, 1KD wanaiita, ina historia yake na nozeli na zile sili za shaba zinazokaa chini yake. Mwambie fundi afanye kipimo cha chupa, anatoa vimipira vya kurudisha mafuta anachomeka kila kimoja kwenye chupa yake, nne sawa, anawasha dakika chache anaangalia. Chupa moja ikijaa mara mbili ya wenzake nozeli hiyo imekwisha. Na wakizitoa lazima sili mpya, usikubali za zamani hata kidogo, maana ikivuja pale moto na masizi vinapenya mpaka kwenye oili, oili inakuwa kama lami, inaziba chujio la chini kwenye sampu, na siku injini ikikosa oili huko porini hutakuwa na habari ya moshi tena.

Kipimo chenyewe cha dizeli sio kama cha petroli, wanakanyaga mpaka chini ghafla injini ikiwa haina mzigo mara kadhaa, mashine inamulika mwanga kupitia moshi inaona umezuiwa kiasi gani. Gari ya shamba inayotembea kilomita 20 kwa saa mwezi mzima masizi yamelala kwenye ekzosi, siku hiyo akikanyaga yote yanatoka pamoja. Siku moja kabla ipeleke barabara kubwa, ipandishe mlima na mzigo kidogo, Kigali milima hamna shida. Joto la oili liwe limefika, na mkanda wa taiming uwe haujapitiliza kilomita zake, maana wanakanyaga kweli.

SWALI LA TATU

Mambo fundi. Nina Toyota IST niko Mwanza, haivuti, ikifika 80 inakataa. Fundi wangu kasema masega yameziba anataka kuyatoa na kuchomelea bomba, halafu hatanitoza hela ya kazi. Nimkubalie?
Dada wa IST

JIBU

Poa dada yangu. Hiyo ya kutokutoza hela ya kazi ndo imenishtua kuliko kutovuta kwa gari.

Huenda kweli yameziba, inatokea, lakini apime kwanza. Afungue sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, aache tundu wazi, mkaendeshe mtaa mmoja tu. Itapiga kelele kama trekta usijali. Ikivuta ghafla vizuri basi moshi ulikuwa hauna pa kutokea na masega yameziba kweli. Ikiendelea kukataa vilevile masega hayahusiki, aangalie chujio la mafuta, pampu, koili na ile sensa ya hewa, na gia boksi asiisahau.

Na yakiwa yameziba muulize yamezibwa na nini, maana masega mara nyingi hayafi kwa uzee peke yake, yanauliwa. Ama injini ilikuwa inamisi muda mrefu ukaambiwa "bado inatembea", ama inakula oili. Ukiweka bomba hujatibu hicho, na ukifunga mengine yatakufa tena. Oili umekuwa ukiongeza kati ya sevisi na sevisi? Kama ndio anza huko.

Sasa kuhusu ukarimu wa fundi wako. Yale masega yana platinamu na paladiamu ndani, yana wanunuzi wake wanaozunguka magereji, wanalipa kwa uzito na kwa aina ya gari. Mengine yanayotolewa hayakuwa yameziba hata kidogo. Kwaiyo mwambie hivi, mbele ya wenzake ili isije kuwa maneno ya wawili: nitakulipa kazi yako yote, ila tofali lako la masega nalitaka mkononi, limefungwa kwenye mfuko, zima na vipande vyake. Halafu mwangalie kama bado anasema yameziba.